Mwanafunzi wa Nyumbani na Jezi ya Shule ya Umma

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jijini Nairobi wapo wazazi walioitwaa dhamana hiyo kikamilifu, wakaamua kuwafunza wana wao nyumbani. Asubuhi watoto hao hudurusu hisabati na sayansi sebuleni. Alasiri, filimbi ya mwalimu wa michezo inapolia katika shule jirani, wao huisikia wakiwa nje ya ua. Je, wanastahili kuivaa jezi ya shule hiyo?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaka mzazi ahakikishe kuwa mwanawe anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Elimu ya nyumbani haikutajwa bayana, na suala hilo limewahi kufikishwa katika Mahakama Kuu jijini. Mashindano ya shule za upili nayo ni ya wanafunzi waliosajiliwa. Fauka ya hayo, kwa miaka mingi walimu wamepambana na mamluki, yaani wachezaji wanaoingizwa kikosini ilhali si wanafunzi halali. Wanaohofia kuufungua mlango huo hawana budi kusikilizwa.

Ipo pia hofu ya haki. Barabara ya Gitanga huunganisha majumba ya Lavington na vibanda vya Kawangware. Kijana wa Lavington anayefunzwa nyumbani huenda akalipiwa mkufunzi na ada ya klabu. Mwenzake wa Kawangware aghalabu hana uwanja mwingine ila ule wa shule. Kandanda huchezwa na watu 11. Mgeni akiingia, mwenyeji mmoja hutoka.

Hata hivyo, si kila familia inayofunza nyumbani ina ukwasi, wala si mtoto aliyechagua kusomea huko. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 huyapa maslahi ya mtoto uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 hutambua haki yake ya kucheza. Isitoshe, mtahiniwa wa kibinafsi huruhusiwa kuufanya mtihani wa KCSE. Kweli, mtihani haumpokonyi mtu nafasi, ilhali jezi humpokonya. Ndiyo maana mlango unapaswa kufunguliwa kwa masharti.

Nchini Marekani, jimbo la Florida lilipitisha sheria ya namna hiyo mnamo 1996. Tim Tebow, aliyefunzwa nyumbani, aliichezea Shule ya Upili ya Nease, ikatwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2005. Baadaye miswada ya majimbo mengine ikapewa jina lake.

Kwa Nairobi, masharti yawe wazi. Kijana aichezee shule ya umma iliyo karibu na kwao, si ile inayowinda vikombe. Asajiliwe mwanzoni mwa mwaka kwa cheti cha kuzaliwa, athibitishe kuwa anasoma, na ahudhurie mazoezi yote. Jina lake liongezwe kwenye orodha ya kikosi bila kulifuta la mwanafunzi yeyote. Nafasi ya uwanjani aipate kwa jasho lake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shule zikipewa uhuru bila usimamizi, mamluki watarudi. Lakini hofu ya mamluki isimwadhibu mtoto asiye na hatia. Vijana wa Lavington na Kawangware wasipokutana uwanjani wangali wadogo, watakutana wapi?