Kidole Gumba Bwenini

Mtoto wa miezi sita akinyonya kidole, wageni humchekea. Wa miaka miwili husemwa ana usingizi. Msichana wa miaka kumi na minne, aliyekwisha kuvaa sidiria, hana wa kumtetea. Mimi niliingia kidato cha kwanza nikiwa huyo wa mwisho: mrefu kuliko wenzangu wote wa mkondo, mikono imenizidi urefu, nikisimama mstarini sijui niiweke wapi. Usiku tu ndipo mkono wa kulia ulipojua pa kwenda.

Nyumbani Tanga dawa zote zilikuwa zimejaribiwa. Bibi alinipaka shubiri, ileile wanayopakaa kina mama kumwachisha mtoto ziwa. Shubiri ina uchungu wake, lakini hunyonywa ikaisha. Pilipili ilihamia jichoni, nyumba nzima ikakesha, haikurudiwa tena. Shangazi ndiye aliyekuja na dawa ya bure: "Mwacheni aende bweni, ataona haya mwenyewe."

Haya niliziona. Nilijifunika shuka gubigubi kwenye joto la pwani, jasho likinitiririka, mpaka usiku mmoja mwenzangu wa kitanda cha chini akaifunua. Kesho yake nilikuwa nimeshabatizwa "Bebi", na njuka, yaani mwanafunzi mgeni, akishapewa jina bwenini halifutiki. Sasa fanya hesabu: kidole nilikinyonya kwa sababu nina upweke, nikachekwa kwa sababu nanyonya, nikazidi kuwa mpweke. Shangazi, Mungu amrehemu, hakuipiga hesabu hiyo.

Mazoea yenyewe si ya ajabu. Picha za ultrasaundi huonyesha mtoto akinyonya kidole akiwa bado tumboni mwa mama yake. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Anayeendelea baada ya meno ya utu uzima kuanza kuota, kwenye umri wa miaka 6 hivi, huweza kusukumwa meno ya mbele yakachomoza, au ya juu na ya chini yasikutane. Hiyo ndiyo hasara ya kweli, na kwetu hakuna aliyeitaja. Walitaja aibu tu. Na si sisi peke yetu: mwaka 1845 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alichapisha kitabu cha watoto ambamo fundi cherehani anakuja na mkasi kumkata mtoto vidole gumba. Bibi yangu, kwa kumlinganisha, alikuwa mpole sana.

Aliyenisaidia ni matroni. Aliniita chumbani kwake, akanimiminia chai, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mwanangu, huwa kinapanda saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nikachunguze, nisikizuie. Nilidhani ni usingizi, kumbe sivyo. Kilipanda nikisoma, mkono mmoja ukiwa na kitabu na wa pili hauna kazi. Kilipanda baada ya prepo, taa zikizimwa. Na kilipanda Jumapili za wazazi, pale geti lilipofungwa jioni na mama yangu hakutokea. Nauli ilikuwa shida, nilijua, lakini kidole hakikujua habari za nauli.

Matroni akanipa uzi na sindano ya kufumia. Mchana mikono ifume kitambaa cha meza. Taa zikizimwa, nilifumbate bonge la uzi kwenye ngumi mpaka usingizi unichukue. Ukubwani ndipo niliposoma kwamba mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walichapisha njia ya namna hiyohiyo: mtu ajifunze kwanza kuitambua dakika ambayo zoea linakuja, kisha mkono upewe kazi isiyoweza kwenda pamoja nalo. Matroni wetu sidhani kama aliwahi kuwasikia.

Haikuwa safari ya kunyooka. Mitihani ilikirudisha kidole, malaria ilikirudisha pia. Usiku wa mwisho siukumbuki, kwa kuwa sikujua kuwa ni wa mwisho. Jina la Bebi lenyewe lilidumu mpaka kidato cha nne, kidole kikiwa kimekauka zamani.

Nikiwatazama watu wazima wenzangu, naona vidole vingi. Yupo asiyelala bila simu usoni, yupo anayetafuna kucha kikaoni, yupo wa sigara. Tofauti ni kwamba mazoea yetu mengi huuzwa dukani, kwa hiyo hayaitwi ya kitoto.

Mzazi mwenye kijana wa namna hii, usimtangaze mbele ya wageni wala usimfananishe na mdogo wake aliyeacha zamani. Mpeleke kwa daktari wa meno ayaangalie meno. Halafu mkiwa wawili tu, muulize kinapanda saa ngapi, na umpe muda wa kwenda kuchunguza kabla hajakujibu.