Koili springi si kushusha gari cheo

Wacha niseme kitu ambacho mabinamu zangu wa Eastleigh hawatapenda: gari ya bei ghali ambayo haiwezi kutengenezwa pale inapoharibikia si gari ya kifahari. Ni pambo lenye magurudumu manne.

Nasema hivi kwa sababu familia yetu ilibishana karibu wiki mbili juu ya springi mbili za chuma.

Abti wangu hapa Garissa ana SUV iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika. Mbele ina koili springi za kawaida, nyuma ilikuwa na springi za hewa. Hiyo gari ni ya kazi. Leo inakodishwa kwenda Dadaab, kesho Balambala, ikibahatika inafika Wajir. Ndiyo ililipa karo yangu ya mwaka wa kwanza wa uhandisi, na kazi zake zilipopungua ndipo nikatoka chuo nikashika kamera. Kwa hivyo gari ikilala, nyumba mbili zinapunguza chakula. Hii si stori ya watu wa kuchezea gari wikendi.

Kwa asiyejua, springi ya hewa ni mfuko wa raba nene unaokaa kati ya ekseli na chasisi. Si ile inayofumka usoni ukigonga, tulia. Kompresa ndogo ya umeme huujaza hewa. Sensa zinapima gari imekaa juu kiasi gani, na kompyuta inaamua hewa iongezwe au ipunguzwe. Ukipakia watu saba na mizigo, nyuma inajipandisha yenyewe. Ukiwashusha, inarudi. Kwenye lami nzuri kama Thika Road unahisi umekalia godoro.

Na si takataka. Range Rover ilitoka mwaka 1970 ikiwa na koili springi kwenye magurudumu yote manne, wakati ambapo gari nyingi za porini zilikuwa bado na springi za vyuma vilivyolaliana. Mwaka 1992 ikaletewa hewa inayoongozwa na kompyuta. Hata baadhi ya Prado za 120 na 150 unazoona Nairobi zina hewa nyuma. Teknolojia ni poa. Swali ni inaishi wapi.

Hapa kwetu jua halina huruma. Raba inakauka, inapasuka pale inapojikunja. Mchanga unaingia kwenye hiyo mikunjo na kuisaga kila gari inaporuka. Ongeza umri, kwa sababu gari hizi zinatufikia zikiwa na miaka yake tayari. Tundu dogo likitokea, hewa inavuja polepole. Kompresa inajaza tena, na tena, na tena. Haikuundwa kufanya kazi kutwa, kwa hivyo inapata moto, halafu inakufa. Ulianza na raba iliyochoka, sasa una raba mbovu na kompresa mbovu.

Dalili ya kwanza ilikuwa asubuhi. Ngamia akiinuka, huanza na miguu ya nyuma. Hii gari ilikuwa kinyume: mbele imesimama, nyuma imelala. Ukiiwasha inajiinua baada ya muda, tukawa tunaondoka. Fundi akamwaga maji ya sabuni kwenye mifuko, mapovu yakaanza kutoka. Akamwambia abti, "Mzee, hapa unalisha kompresa tu. Siku moja itakataa kula."

Ilikataa kwenye njia ya Balambala, ikiwa imebeba mama mmoja mgonjwa anakuja hospitali ya rufaa Garissa. Nyuma ilishuka hadi tairi ikawa karibu na bodi, na kila shimo chasisi inagonga ekseli. Walitembea mwendo wa punda kuanzia adhuhuri mpaka magharibi. Yule mama alifika, alhamdulillahi. Lakini abti alirudi nyumbani kimya, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Hapo ndipo ubishi ulianza. Binamu wa Eastleigh akapiga simu: ukiondoa hewa umeshusha gari cheo, siku ya kuuza utapewa bei ya Probox. Mwingine akasema tununue mifuko ya bei rahisi tungoje. Mimi nikasema koili. Abti akasikiliza wote, halafu akaniambia, "Abti, mimi siuzi gari. Mimi nauza safari."

Mjadala ukaisha.

Fundi alipopiga hesabu, mifuko miwili mipya pamoja na kompresa ilikuwa mbali sana na bei ya koili mbili na kazi. Na springi zilikuja kwa basi kutoka Nairobi kama parseli yoyote, tukazichukua asubuhi. Zikivunjika kesho, zingine zitakuja vilevile.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja. Gari inainuliwa, chasisi inawekwa juu ya stendi imara, si jeki peke yake, kwa sababu ekseli lazima ishuke na wewe uko chini yake. Hewa iliyobaki inatolewa kwanza kabla ya kufungua chochote. Shoku zinafunguliwa upande wa chini, ekseli inashushwa taratibu huku unaangalia paipu za breki zisivutwe. Mifuko inatoka, koili zinaingia na raba zao juu na chini ili chuma kisisagane na chuma. Fundi alihakikisha pia zile raba nene zinazozuia ekseli kugonga chasisi ziko sawa.

Halafu kuna upande wa umeme, ambao watu wengi huuruka. Kompyuta bado inadhani mifuko ipo, inatafuta hewa, taa inawaka kwenye dashibodi. Mfumo wa hewa lazima uzimwe kabisa na nyaya zake zifungwe vizuri, kwa kufuata mchoro wa gari hiyo. Kuna mafundi hubandika tepu nyeusi juu ya taa. Huyo mkimbie. Na ujue kwenye gari zingine sensa ya nyuma ndiyo inashusha na kupandisha mwanga wa taa kubwa, kwa hivyo mtu akiing'oa bila kuuliza, utakuwa unawapofusha madereva wa mbele.

Sasa tuongee ukweli, kwa sababu siuzi springi. Tumepoteza kitu. Koili haijui umebeba nini. Ugumu wake ni uleule saa zote. Abti akiendesha peke yake, nyuma inaruka kwenye matuta, na shangazi amelalamika mgongo. Gari ikijaa, nyuma inashuka kidogo na hakuna wa kuipandisha. Ndiyo maana springi inachaguliwa kwa mzigo unaobeba siku nyingi, si ule wa harusi moja kwa mwaka. Sisi tulichukua za mzigo wa kati. Na usikubali springi ya gari nyingine iliyokatwa kwa grenda ili itoshee. Hiyo inaweza kuchomoka ukiwa kwenye kona, na hapo hatuongei tena habari ya starehe.

Lakini nieleze hili neno "cheo". Land Cruiser za 70 zimekuwepo tangu 1984. Zile pikapu zake bado zina springi za vyuma vilivyolaliana huku nyuma, na ndizo utaona zikibeba askari na wagonjwa huku kwetu. Hakuna anayeziambia zimeshushwa cheo. Tunaziheshimu kwa sababu zinafika. Kwani heshima ya gari inatoka kwa vitufe vilivyo ndani au kwa mahali inapokufikisha?

Sisi vijana tunameza sana picha za gari kwenye simu, na nyingi zimepigwa mahali pasipo na mchanga. Gari iliyoundwa kwa barabara ya mtu mwingine ukiibadilisha ifae barabara yako, hujaiharibu. Umeifanya iwe yako.

Kama kwenu kuna SUV ya hewa inayolala nyuma asubuhi, mwulize mwenye gari maswali matatu kabla hajamlipa mtu. Anabeba nini siku nyingi? Anapita barabara gani? Ikiharibika usiku mbali na mji, nani ataitengeneza? Kama jibu ni lami, watu wawili na fundi mzuri karibu, abaki na hewa yake, afurahie godoro. Kama jibu ni njia ya Balambala na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, tafuta koili.