Vidole Visivyosomeka

Mimi ni mkulima wa karafuu, mjane wa miaka 69, nakaa upande wa Konde, kaskazini ya Pemba. Nasimulia haya si kwa kumlaumu mtu, ila mwenzangu yaliyomkuta kama yangu asijione mjinga peke yake.

Zamani pesa zangu za karafuu nilizitia benki mwenyewe. Kijana wa kaunta alishanizoea. Nikiingia tu: "Shikamoo bi mkubwa, leo unaweka au unatoa?" Siku moja nikakuta tawi limefungwa, na karatasi mlangoni inatwambia twende Chake Chake au tutumie simu. Kwenda Chake kwa gari la 602 na kurudi, siku yangu imekwisha. Nikachagua simu.

Ilikuwa mwisho wa 2019, nchi nzima inahangaika kusajili laini kwa alama za vidole. Vyangu vikakataa. Miaka yote nachambua makonyo na kusokota kamba za makumbi, vidole vimekuwa laini kama kibao cha kuandikia. Kijana wa usajili akanifuta kwa kitambaa, akajaribu kimoja kimoja. Kikapita kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Nikadhani nimevuka. Kumbe! Nikibonyeza nyota na namba, maandishi yanakuja, na kabla sijamaliza kuyasoma yamepotea. Msahafu nausoma tangu utotoni, lakini hizi herufi za skuli nazisoma kwa kukokota. Basi namba yangu ya siri nikampa mjukuu, nikampa na wakala wa pesa za simu.

Msimu ule ukaingia ujumbe: ile pesa itume kwenye namba hii. Nami nilikuwa nadaiwa na wachumaji, nikajua ni msimamizi wao. Nikamwambia wakala atume shilingi 180,000. Jioni msimamizi akaja mwenyewe, anaulizia pesa yake.

Mwezi mzima sikumwambia mtu. Nililipa wachumaji kwa kuuza mbuzi, wanangu nikawaambia mbuzi kaumwa. Hadi siku moja kwenye kikundi chetu cha hisa nikashindwa kutoa fungu langu, nikasema ukweli. Kimya. Kisha shoga yangu akasema, "Hata mimi." Na wa tatu naye.

Tukamwomba binti mmoja wa jirani atufundishe kila Ijumaa baada ya sala. Wiki ya kwanza kuangalia salio tu, basi. Mimi nikachukua daftari, nikaandika kila hatua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama mama alivyokuwa akiandika barua: bonyeza hiki, ngoja, soma jina la anayepokea, kisha ndipo ukubali.

Shida hazijesha. Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Ukikatika kwa muda mrefu, mtandao nao unakwenda. Ukirudi, wakala hana floti. Na makato yako pale pale. Kwa hiyo pesa ya dawa na ya unga naiweka ndani ya kasha.

Lakini msimu uliopita, alhamdulillahi, wachumaji niliwalipa mimi, kwa kidole changu, majamvi ya karafuu yakiwa bado uwanjani. Mjukuu alikaa pembeni akiniangalia, akaliomba daftari alipekue. Nikampa. Akalipekua mwanzo hadi mwisho.

"Bibi, mbona namba ya siri hukuiandika?"

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo niliyojifunza."