Majani ya Ng'ombe wa Mchungaji

Zamu yetu ilikuwa Alhamisi. Nikitoka shule, mama alinitwika mzigo wa majani, nikapanda nao kwa njia ya mfereji hadi nyumbani kwa mchungaji. Ng'ombe wake alilishwa na usharika mzima, na kila nyumba ilikuwa na siku yake. Zamu hiyo haikuandikwa popote. Kina mama waliijua kama walivyoijua siku ya soko.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1970, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nami nikiwa darasa la tatu. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilikuwa bado changa, maana makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kulizaa mwaka 1963. Kwangu mimi mtoto, kanisa lilikuwa kengele ya Jumapili na ule mzigo wa Alhamisi.

Mama mchungaji alinipokea mzigo, akanipa kikombe cha maziwa, akaniuliza bibi anaendeleaje na mguu wake. Nikirudi nyumbani, mama naye aliniuliza. Nikamwambia nilichoona: mchungaji anakohoa, kitinda mimba wao ameanza kusimama, kuni zimelowa. Mama akishasikia kuni zimelowa, kesho yake asubuhi nilikuwa njiani tena na kuni kavu. Sikujua wakati ule kwamba ng'ombe alikuwa kisingizio tu. Kwa majani yale, hakuna kilichoweza kuwapata watu wa nyumba ile siku mbili bila sisi kujua.

Bei ya kahawa ilipoanguka, vijana waliteremka Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na mikono ya kukata majani ikapungua. Ndipo zikashika kasi bahasha zenye namba, kila Mkristo na ahadi yake ya mwaka. Wakati huo mimi nilikuwa mtunza hazina wa usharika, na nilizitetea kwa nguvu zote. Bado nazitetea. Mchungaji anayesubiri mkungu wa ndizi kutoka kwa tajiri wa kijiji atamkemea vipi tajiri huyo? Bahasha ilimpa uhuru wa kuhubiri.

Ila miguu ilikoma kwenda kwake. Ng'ombe aliuzwa, wala hatukuuliza kwa nini. Tulimlipa, basi tukahesabu tumemaliza.

Anayeijua Uchagani anajua Desemba yetu. Watoto wote wanarudi nyumbani, na kila kilichosubiri mwaka mzima kinafika mlangoni kwa mchungaji wiki ile ile: ndoa, ubatizo, kubariki nyumba mpya, na misiba ambayo haingoji sikukuu. Wainjilisti wanaongoza ibada mitaani, lakini Meza ya Bwana na ndoa ni za mchungaji, na usharika wetu una mitaa minne.

Jioni moja, siku mbili baada ya Krismasi, nilimpelekea mchungaji hesabu za sadaka. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya ofisi ya usharika, kola bado shingoni, kiatu kimoja amekivua. Mguu ulikuwa umevimba hadi soksi imeacha alama.

"Karibu, mama," akasema, akataka kusimama.

"Kaa, Baba Mchungaji. Kuna nini?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia mama yake mzazi amelazwa tangu juzi, mkoa wa mbali, na kesho ana ndoa mbili.

"Umemwambia nani?"

"Ningemwambia nani, mama?"

Swali lile halijanitoka hadi leo. Nilikuwa mzee wa kanisa mwaka wa kumi na moja. Alikuwa ameniombea nilipofiwa na mume wangu, akawaombea watoto wangu na hata shamba langu. Mimi sikuwahi kumwekea mkono begani nikamwombea yeye. Nilifanya hivyo pale pale kwenye ngazi, kwa maneno yaliyokatika-katika, akalia kama mtoto. Usiku ule wazee walitafuta gari. Mchungaji wa usharika wa jirani akafungisha zile ndoa, naye wetu akamkuta mama yake hai, akakaa naye siku nne.

Januari, kwenye kikao cha baraza la wazee, mmoja wetu alipendekeza tuweke fungu la fedha la kumfariji mchungaji. Nilikataa, maana nilihofia bahasha nyingine. Tulikubaliana Jumatatu mlango wake usigongwe ila kwa msiba, na sala za jioni kwenye matanga tuzishike sisi wazee. Lililotushinda kwa muda mrefu ni mdomo. Tulizoea kuchambua mahubiri chini ya mparachichi kabla hata hajavua kanzu. Tukasema mwenye neno asubiri hadi Jumatano, amwambie mwenyewe, asimwambie jirani. Wengine walinuna.

Na tulianza tena kwenda kwake, bila majani, bila shida ya kupeleka. Siku moja nilifuatana na mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu asiyesema sana. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za watoto. Tulipokuwa tunaaga, mzee akasimama mlangoni akasema, "Baba Mchungaji, yale masale ya mpaka, jirani yangu aliyarudisha mahali pake. Alisema ni kwa ajili ya mahubiri yako."

Ugomvi wao wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ulikuwa umewafikisha hadi kwa balozi wa nyumba kumi, na tulikuwa tumeukatia tamaa.

"Lini?" mchungaji akauliza.

"Mwaka juzi, wakati wa Kwaresima."

Mwaka juzi. Miaka miwili watu walilijua jambo hilo, na hakuna aliyempelekea. Mchungaji aliingia ndani, akatoka na daftari lake la mahubiri lenye jalada lililochanika, akaanza kufunua kurasa nyuma, moja moja, akiitafuta Jumapili ile. Alipoipata alimwomba mzee asimulie tena, polepole, akawa anaandika pembeni mwa ukurasa.