Sukari Imepanda

Nakapanya, Tunduru,
20 Novemba 2024.

Kwa mjukuu wangu, mume wangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia ukauliza, "Bibi, sukari vipi?" nikakujibu imepanda. Ukanipa pole, ukasema hata huko Kidatu imepanda na ndiko inakopikwa. Dakika tatu nzima zikapotea, wewe unazungumzia duka, mimi nazungumzia damu. Jioni ikaingia elfu ishirini kwenye simu na ujumbe wake: "Ya sukari hiyo." Nilicheka hadi kikohozi kikanishika. Kijana anayeishi katikati ya miwa anamtumia hela ya sukari mwanamke aliyekatazwa sukari! Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu hatutaelewana.

Mwezi uliopita nilikuwa naamka kukojoa mara tano usiku, kiu haikatiki, nyayo zinawaka moto. Nikasema ni uzee. Mama yako mdogo akanipeleka zahanati, wakanitoboa kidole kabla sijanywa chai. Ikasoma 13. Nesi akanieleza kwamba mtu asiyeumwa, akiwa hajala, huwa kwenye 6 kushuka chini. Ikifika 7, na wakirudia siku nyingine ikawa vilevile, hiyo ndiyo yenyewe. Wakarudia. Ikawa vilevile. Njiani nikakutana na mwenye duka letu, akauliza natoka wapi. "Kupima sukari." Akasema, "Mbona hukuja kwangu?" Kama alitania au hakuelewa, sijui hadi leo.

Angalia neno hili lilivyo na mikono mingi. Yeye anapima sukari kwa mizani, nesi anapima sukari kwa tone la damu. Yeye ana sukari na mimi nina sukari, ila mwenye furaha ni mmoja. Sokoni kuna ndizi kisukari, zile ndogo ngozi laini, na hospitali kuna kisukari. Tena ipo hela ya sukari, ambayo mzee hupewa bila kuulizwa ameinunulia nini. Miaka thelathini na mbili nimesimama ubaoni nikifundisha Kiswahili, sikuliona hilo mpaka lilipoingia mwilini.

Nesi aliniambia, "Bibi, acha vitu vitamu." Nikamuuliza, hata mchuzi wa kuku? Akadhani namfanyia mzaha. Lakini kwa lugha yetu mchuzi uliokolea chumvi ni mtamu. Kisima cha maji matamu hakina hata chembe ya sukari. Hakina chumvi tu. Usingizi ni mtamu, hadithi ni tamu. Darasani watoto waliandika kinyume cha tamu ni chungu nami nikawapa vema, na leo naona niliwapunja. Kuna ukali, kuna uchachu, na kuna ukakasi, ambao wewe mtoto wa nchi ya korosho huhitaji kufundishwa. Mabibo yameiva sasa hivi, yametapakaa chini ya miti. Ukiling'ata bibo utamu unatangulia, ukakasi unafuata, koo linabaki linakwaruza. Siku hizi kwenye redio wakubwa wanasema "jambo hili lina ukakasi". Sijui ni wangapi wamewahi kula bibo.

Sasa geuza upande wa pili. Ugali wa sembe nani aliwahi kuuita mtamu kama pipi? Lakini siku moja nilikula bonge langu la kawaida kwa kisamvu, sikugusa sukari kabisa, walipopima baada ya saa mbili namba ilikuwa imeruka. Mchuzi wa kuku niliouogopa haukuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa bonge. Kwa hiyo nimepunguza bonge, nimeongeza mboga, na chai nainywa bila kitu. Wiki ya kwanza nilikuwa kama ninakunywa dawa ya mti.

Usiniletee pia habari ya asali na sukari guru kwamba hazina neno. Nilishauliza. Nyeupe ya kutoka nje, ya kahawia ya kwenu yenye jina la Bwana Sukari, guru iliyokauka kama tofali, damu haichagui. (Na guru hiyo si mwalimu, kama nilivyodhani nilipokuwa msichana. Wahindi huita "gur" ule mchemsho wa maji ya miwa ulioganda. Sukari yenyewe tumeipokea kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, na huko nyuma kwenye Kisanskriti neno hilo lilikuwa na maana ya changarawe.) Kabla ya viwanda vyenu, Pangani kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu, karne ya 19, na waliolima walikuwa watumwa. Misafara iliyotoka huku kwetu Uyaoni kwenda Kilwa haikubeba pembe peke yake. Hilo nalo liko ndani ya neno, ingawa kamusi hailisemi.

Sisi huku utamu wetu ulikuwa asali. Kwa Kiyao inaitwa uchi, na unajua kichekesho chake. Mtoto wa darasa la kwanza alisimama mbele yangu akasema, "Mwalimu, jana tulikula uchi." Mwalimu mwenzangu aliyetoka Kilimanjaro alitaka kumchapa. Babu yako alikuwa mrina asali hasa. Alikuwa akiingia porini anaita "brrr-hm", na sego, yule ndege wa asali, anakuja kumtangulia mti hadi mti. Mwaka 2016 mtaalamu Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Niassa, ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wayao wenzetu: mrinaji akitumia mwito huo, nafasi ya kuonyeshwa nyuki ni asilimia 54, zaidi ya mara tatu ya anayetoa sauti nyingine. Babu yako angewaambia bure, kwa kikombe cha chai.

Chai hiyo yenyewe aliipenda sukari yake. Miaka ya 1980, wakati wa maduka ya kaya, sukari ilikuja kwa mgao na kwa zamu, na masika barabara ikijifunga haikuja kabisa. Tulilumangia chai kwa mua: unang'ata, unafyonza, unashushia. Siku mgao ukifika, babu yako alitia vijiko vinne, akakoroga polepole ili jirani asikie kijiko. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sukari ni heshima. Mgeni unampima kwa vijiko. Hata mwezi wa pili mwaka huu, mvua za El Niño zilipojaza maji kwenye mashamba, viwanda vikashindwa kuzalisha na kilo ikapita shilingi 4,000, watu hapa walikopa ili mgeni asinywe chai isiyokolea. Mimi mwenyewe nilikopa.

Nimefika mahali ambapo nilitaka kufika tangu mwanzo, nikawa nazunguka.

Babu yako alikanyaga kisiki. Kidonda kidogo, kama punje ya mahindi. Hakikupona. Kikala kidole, kikala mguu. Watu wakasema ametegewa, na tukauza mbuzi kumlipa mganga aliyekuja kufukua uani. Wakati huo huo alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe, amekonda, na asubuhi nilikuta sisimizi wamejipanga pale alipokojoa nyuma ya nyumba. Niliwaona kwa macho yangu, wiki nzima. Nikachukua jivu nikawamwagia. Mwezi uliopita nesi aliponiuliza kama kwetu kuna mwenye sukari, nilisema hapana. Nilipofika nyumbani nikawakumbuka wale sisimizi, nikakaa chini.

Hakuna aliyempima, kwa hiyo siapi. Lakini wewe una damu yake na yangu, na mama yako alisema umenenepa, soda haikutoki mkononi. Usingoje dalili. Kesho, kabla hujatia kitu mdomoni, nenda ukapime. Namba utakayoambiwa niandikie kama ilivyo, usiipunguze kama wanavyofanya wauza sukari wa robo. Dada yako naye umwambie. Na ukikuta mzee yeyote huko ana kidonda kisichopona, mpeleke kwenye kipimo kabla ya kumpeleka kwa mganga.

Elfu ishirini yako sikununua sukari. Nesi amenikataza kutembea pekupeku, nimenunua viatu vya kufunika vidole.

Ni mimi mkeo,
Bibi.