Mtoto wa Nani?



Wiki hii napenda tutafakari juu ya riwaya iliyotoka mbali, niliyoisoma katika tafsiri ya Kiingereza: Mrityunjaya, yaani Mshindi wa Mauti. Shivaji Sawant aliitoa mwaka 1967 kwa Kimarathi, lugha ya magharibi mwa India. Anasimulia upya habari za Karna, shujaa wa Mahabharata, utenzi mkongwe wa Wahindu.

Kunti alimzaa Karna kabla hajaolewa. Kwa kuogopa aibu akamweka kikapuni na kumwachia mto, jambo linalotukumbusha mtoto Musa. Mwendesha gari la farasi akamlea. Karna alipotaka kushindana na wana wa kifalme, aliulizwa: u mtoto wa nani? Akakosa jibu, akadharauliwa. Duryodhana ndiye aliyemheshimu na kumpa ufalme wa Anga. Hata vita vilipokaribia, na mama yake akamfunulia kwamba miongoni mwa maadui wake wamo ndugu zake wa tumbo moja, Karna alikataa kumwacha aliyemsitiri. Akafa akiutetea upande usio na haki.

Sawant amempa Karna nafasi ya kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Kunti naye anasema, na mkewe pia. Ukishamsikia, huwezi tena kumhukumu kwa haraka.

Sisi wa Tabora swali lile tunalijua. Njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita kwetu, na katika karne ya 19 ilipitisha pembe za ndovu pamoja na watoto walionyang'anywa wazazi. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo, ametuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Wengi wa waliofungwa minyororo hawakuacha hata jina.

Aliyepata kuandika habari zake ni Adrian Atiman. Alitekwa angali mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956.

Wote wawili walipotezewa kwao, na wote walipokelewa na watu waliokuwa na haja nao. Lakini Duryodhana alihitaji shujaa wa vita. Karema ilihitaji mponyaji.

Ndugu zangu, Bwana wetu naye alidharauliwa Nazareti kwa kuwa walimjua kama mwana wa seremala. Kijana tunayemfungia mlango kwa sababu ya kuzaliwa kwake atafunguliwa na mwingine, naye atamlipa huyo kwa uaminifu wake wote, hata katika uovu. Basi, kabla ya kumwuliza ni mtoto wa nani, tumpe kwanza mahali pa kuketi.

Nawatakia Dominika njema.