Pembe ya Shamba

Kumlisha mwenye njaa ni wema unaosifiwa na kila mtu, na kwa kuwa husifiwa na wote, ni wachache wanaojiuliza namna unavyopaswa kutendwa. Mimi nami sikujiuliza mpaka siku nilipomwaibisha mzee mwenye umri wa baba yangu. Nakusimulia, msomaji, si kwa kuwa naipenda aibu ile, bali kwa kuwa ilinirudisha kwenye maandiko ya kale ambayo nyumbani kwetu yalikuwa yamelala juu ya kabati.

Kwetu ni Theta, kati ya Ruiru na Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Zamani nchi hii ilikuwa ya kahawa. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa viwanja, na watu wengi huishi kwa kibarua: kuchuma kahawa iliyosalia, kujenga nyumba za wengine, au kuchonga mawe machimboni. Mtu wa kibarua hula leo alichokipata leo. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na sehemu zilizo jirani, hadi daraja la mto Chania pale Thika. Sisi tulikuwa ndani ya mpaka huo. Ujenzi ukapungua, malori ya mawe yakaadimika, na meko mengi yakapoa.

Vijana tulichanga fedha, tukanunua unga na maharagwe. Tuliwapanga wenye haja katika mstari juani, tukayasoma majina yao kwa sauti, na kila aliyepokea alisimama mbele ya simu yangu apigwe picha, ili waliochanga waone fedha zao zilikokwenda. Zamu ilipomfikia mzee mmoja mchonga mawe, nilimwomba aiinue paketi ya unga karibu na uso wake. Alinitazama kwa kitambo, kisha akairudisha mezani. "Kijana wangu," alisema kwa upole, "njaa hii itapita, lakini picha hiyo haitapita." Akaenda zake mikono mitupu. Jioni nilimpelekea unga nyumbani kwake. Alinishukuru, lakini hakuupokea.

Usiku ule nilimweleza nyanya yangu. Macho yake yalikuwa yamefifia, na kila jioni nilikuwa nikimsomea. Hakunigombeza. Aliniagiza niishushe Biblia kutoka kabatini, nisome mlango wa 19 wa Mambo ya Walawi, kisha mlango wa 24 wa Kumbukumbu la Torati, kisha kitabu cha Ruthu.

Sheria zile nilizisikia tangu utotoni, lakini sikupata kuzifikiri. Mwenye shamba anakatazwa kuvuna hadi pembeni. Akisahau mganda kondeni, asirudi kuuchukua. Akiisha kupiga matawi ya mzeituni, asiyarudie mara ya pili. Yanayobaki ni ya mgeni, yatima na mjane. Tazama jinsi jambo hili lilivyopangwa, msomaji. Tajiri hakuambiwa awaite maskini mlangoni pake awagawie. Aliambiwa auzuie mundu wake. Maskini naye hakuambiwa anyoshe mkono. Aliachiwa nafasi ya kuja kuvuna. Alirudi kwake na mavuno ya jasho lake, na watoto wake walimwona akiingia kama mvunaji, si kama mwombaji.

Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu, mjane, naye alikuwa na mama mkwe wa kumtunza. Alikwenda kuokota masuke huko Bethlehemu, mji ambao jina lake kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Boazi, mwenye shamba, aliwaagiza watumishi wake waache masuke mengine yaanguke kusudi, tena wasimkemee wala kumwaibisha. Jioni Ruthu alikuwa na shayiri yapata efa moja, kipimo kinachokaribia debe letu. Boazi alitoa bila kuonekana akitoa. Mimi nilitoa paketi moja na kutaka ionekane na wote.

Nyanya alinikumbusha pia njaa ya mwaka 1943, ambayo Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo. Yeye alikuwa mtoto. Mama yake alimfundisha kwamba mpita njia akila kiazi papo hapo shambani asiitwe mwizi, ila akijaza kikapu, huyo ameiba. Nilistaajabu, maana Torati husema vivyo hivyo juu ya shamba la mizabibu: kula ushibe, usitie chomboni. Wala wazo hili si la kitabu kimoja. Kurani, katika Sura ya Al-Insan, huwasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani, na katika Sura ya Al-Baqara huonya kwamba masimango huibatilisha sadaka.

Labda utasema kwamba fedha ya watu lazima itolewe hesabu. Ni kweli. Lakini hesabu hutolewa kwa risiti na daftari, si kwa nyuso za wenye njaa. Labda utasema tena kwamba wewe huna shamba, na shamba lisilokuwapo halina pembe. Hilo nalo ni kweli kwa wengi wa Theta leo. Lakini mlango ule ule wa 24 unaamuru kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini naye anautumainia. Basi ujira ulipwao kwa wakati ni pembe ya shamba. Duka linalokopesha bila kelele ni pembe ya shamba. Mwanafunzi anayemgawia mwenzake chakula cha mchana, asimtangaze darasani, ameacha pembe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza kwamba moyo wenyewe sharti uwe na haya.

Mwaka ule tulikuwa na mahindi katika kishamba chetu nyuma ya nyumba. Mwezi wa Agosti tulipovuna, nyanya aliamuru mistari miwili iliyo kando ya njia isiguswe. Hatukutangaza. Tulimwambia jirani mmoja tu, naye alijua wa kumwambia. Kwa siku kadhaa hakuja mtu, nami nikaanza kuhesabu moyoni mahindi yaliyokuwa yakipotea.

Kisha alfajiri moja nilisikia majani makavu yakivunjika. Nilichungulia dirishani. Mzee mchonga mawe alikuwa amesimama kati ya mistari ile pamoja na mjukuu wake. Aliuvunja muhindi, akaumenya ganda, akampa mtoto autie mfukoni mwa gunia, akaendelea na mwingine bila haraka, kama mtu avunaye chake. Nilitamani sana kutoka nimsalimu, nimwombe radhi, nimwambie achukue yote. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika komeo. Niliuondoa, nikarudi kitandani, nikangoja mpaka alipomaliza.